Chaja ya milioni tano au kabati la betri? Hesabu za mji wa Voi

Yuniti 30 za stima kwa mwezi ndicho kikomo cha familia inayotozwa bei nafuu kabisa ya umeme wa nyumbani nchini Kenya, tangu viwango vipya vilipoanza Aprili 2023. Hizo ni taa, redio, simu na televisheni ndogo, kuanzia tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Gari la umeme linalotoka Mombasa hadi Voi hula yuniti zizo hizo 30 njiani, na dereva wake akifika anataka zirudishwe kabla hajamaliza chai na mahamri.

Hapo ndipo ugumu wa mji mdogo ulipo. Umeme wenyewe haukosekani. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na usiku, viwanda na nyumba zikishazima, mvuke wa Olkaria huendelea kutoka hata pasipo wa kuutumia. Kinachogharimu ni kuusukuma umeme mwingi kwa muda mfupi, mahali pamoja, kwa wateja wachache. Mji wa watu elfu hamsini na kidogo ukikosea hapo utabaki na mashine ya mamilioni inayongojea magari mawili kwa siku.

Nimeichukua Voi kwa sababu ya mahali ilipo. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 150, kutoka Nairobi kama 330. Barabara ya Mwatate na Taveta, inayovuka mpaka kwenda Moshi, inaachana na barabara kuu hapo hapo. Lango la mbuga ya Tsavo Mashariki liko karibu, na stesheni ya reli ya SGR imekuwa ikishusha abiria tangu 2017. Wapitaji ni wengi, wageni wanaolala wapo, na boda zimejaa kila steji. Makundi hayo matatu yanahitaji chaji za namna tatu, na msimamo wangu ni kwamba mji uanze na wale wanaolala mjini. Wanaopita wafuate. Nitaonyesha kwa nini, shilingi kwa shilingi.

Msingi wa hesabu ni mwepesi. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima hula yuniti moja. Soketi ya kawaida ya ukutani, ikibeba ampia 10 bila kulazimishwa, hutoa kilowati 2.4, na kwa saa nane za usiku gari hupata yuniti 19, zinazotosha karibu kilomita 100 za barabara. Chaja ya ukutani ya ampia 32 hutoa kilowati 7, na usiku huohuo hutoa yuniti 56. Nguzo ya kilowati 22 inahitaji laini ya fezi tatu. Juu ya hizo kuna mashine kubwa za kilowati 50, 60 na kuendelea, ambazo hupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri bila kupitia chaja iliyo ndani ya gari.

Hiyo chaja ya ndani ndiyo inayowaponza wengi. Chukua Nissan Leaf iliyotumika, iliyoagizwa kutoka Japani. Nyingi za huko zina chaja ya ndani ya kilowati 3 tu. Ukiichomeka kwenye nguzo ya kilowati 22, itavuta kilowati 3 na si zaidi, na mwenye nguzo atakuwa amelipia uwezo ambao mteja wake hawezi kuutumia. Isitoshe, Leaf ina tundu lake la Kijapani, CHAdeMO, ilhali magari mengi mapya kutoka China na Ulaya yanakuja na CCS2. Mashine ya kebo ya aina moja humfukuza mteja mmoja ili imhudumie mwingine. Kwenye mji wa chaja moja, hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya bei.

Sasa stima yenyewe. Mwaka 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati nchini, iliweka bei maalumu ya usafiri wa umeme: Sh 16 kwa yuniti saa za kawaida na Sh 8 saa za mahitaji madogo, kwa mteja asiyezidi yuniti 15,000 kwa mwezi. Saa hizo za nafuu, siku za kazi, ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Juu ya bei hiyo huja gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na VAT, kwa hiyo kwa hesabu zangu nitachukua Sh 25 mchana na Sh 15 usiku, kila kitu ndani. Umeme mwingine hupotea kama joto kati ya mita na betri. Nikiweka asilimia 10 ya hasara hiyo, yuniti moja inayoingia kwenye betri inamgharimu mwenye kituo karibu Sh 28 mchana na Sh 16.50 usiku.

Mpinzani wa bei hizo ni petroli. Katika nusu ya pili ya 2025 lita ya super jijini Nairobi ilikuwa karibu Sh 185. Gari dogo la familia linalokula lita 8 kwa kilomita 100 hutumia Sh 1,480. Gari la umeme la ukubwa huo hula kama yuniti 18 kwa umbali huohuo. Gawanya, utapata Sh 82. Kituo kikiuza yuniti kwa zaidi ya hapo, mwenye gari la umeme analipa zaidi njiani kuliko mwenzake wa petroli. Kwa magari ya lita 6, kama yale madogo ya Kijapani tuliyoyazoea, kikomo kinashuka hadi Sh 62.

Tuanze na mashine ambayo kila mtu huitaja kwanza, chaja ya haraka kando ya barabara kuu. Tuseme mashine ya kilowati 60, transfoma yake, kebo, msingi wa zege na paa la kivuli vinakamilika kwa Sh milioni 5. Kiasi hicho ni makadirio yangu. Kwingine kitapungua, kwingine kitazidi. Mkopo wa asilimia 15 kwa miaka minane, malipo ya mwaka yakigawanywa kwa miezi 12, unafanya karibu Sh 93,000 kwa mwezi. Weka Sh 60,000 za mlinzi, kodi ya kiwanja, intaneti na matengenezo. Kabla gari la kwanza halijachomekwa, mwenye kituo anadaiwa Sh 153,000 kila mwezi, na deni hilo halipungui siku barabara ikiwa tupu.

Kila gari likichukua yuniti 30, magari mawili kwa siku ni yuniti 1,800 kwa mwezi. Deni likigawanywa juu yake, kila yuniti inabeba Sh 85, na pamoja na stima inafika Sh 113. Hakuna dereva atakayelipa hivyo mara mbili. Magari matatu kwa siku, Sh 85 kwa yuniti, bado juu ya petroli. Magari manane kwa siku, Sh 49, na hapo biashara inapumua. Hizo zote ni bei za kurudisha gharama tu, faida haimo.

Magari manane kwa siku yanaweza kusikika machache. Lakini kumbuka kwamba idadi kubwa ya vyombo vya umeme vilivyosajiliwa Kenya ni pikipiki, na magari yaliyopo yamerundikana Nairobi, ambako mengi huchajiwa nyumbani. Ili manane yasimame Voi kila siku, mwaka mzima, mvua na jua, lazima kuwe na mamia ya wenye magari wanaothubutu safari ya pwani. Hawathubutu kwa sababu chaja ni chache, na chaja ni chache kwa sababu hawathubutu. Mzunguko huo utakatwa, nina hakika, ila sioni kwa nini mfanyabiashara wa Voi aukate kwa mkopo wa asilimia 15.

Kuna hesabu nyingine ya barabara hii ambayo husahaulika. Voi iko kama mita 580 juu ya bahari. Nairobi iko juu zaidi kwa zaidi ya mita 1,100. Kulipandisha gari la tani mbili kimo hicho kunataka yuniti 6, mbali na zile za mwendo wa kawaida. Kutoka Voi hadi Nairobi basi ni yuniti 59 za umbali na 6 za mlima, jumla 65. BYD Atto 3, kwa mfano, ina betri ya yuniti 60. Ijazwe hadi juu Voi, bado haitafika Nairobi kwa mwendo huo bila kusimama tena, tuseme Emali. Kurudi ni rahisi, maana mteremko hurudisha sehemu ya umeme. Kwa hiyo chaja ya Voi peke yake haimfikishi mtu jiji kuu. Thamani yake inategemea mwingine kujenga Emali au Mtito Andei, jambo ambalo mwekezaji wa Voi hana amri nalo.

Mashine hiyo pia inataka transfoma. Zile za mtaani huwa za kVA 50, 100, 200. Chaja ya kilowati 60 inakula karibu theluthi mbili ya transfoma ya kVA 100, na ikiwashwa saa moja jioni, wakati maduka na nyumba zote zinapika na kuwasha taa, wenye friji watakuwa wa kwanza kulalamika. Ndiyo maana nimeweka transfoma ndani ya ile milioni tano. Anayekuambia utaitundika kwenye laini iliyopo, mwombe aandike.

Sasa mgeni anayelala. Huyu hana haraka. Anafika jioni kutoka mbugani, anakula, analala, anaondoka asubuhi. Chaja mbili za ukutani za kilowati 7, na mita yake na waya mpya kutoka kwenye bodi, tuseme Sh 300,000 zote. Kwa mkopo uleule ni Sh 5,600 kwa mwezi. Mlinzi yupo tayari, kiwanja kipo, na umeme unavutwa kuanzia saa nne usiku kwa bei ya nafuu. Wageni watatu tu kwa wiki, kila mmoja akichukua yuniti 35, ni kama yuniti 455 kwa mwezi. Gharama ya kifaa inakuwa Sh 12 kwa yuniti, stima Sh 16.50. Jumla, Sh 29. Hoteli inaweza kumuuzia mgeni kwa Sh 45, ikapata chake, na mgeni akaondoka na betri iliyojaa kwa karibu nusu ya bei inayolingana na petroli.

Soma tena idadi hizo. Magari matatu kwa wiki yanailipa chaja ya hoteli vizuri. Magari matatu kwa siku hayailipi chaja ya barabarani.

Masharti yake ni machache ila hayana mzaha. Mita iwe ya peke yake, ili stima ya magari isichanganywe na ya jikoni na kutozwa bei ya biashara. Chaja iwe na saa ya kujiwasha, la sivyo mgeni ataichomeka saa kumi na mbili jioni na bei ya nafuu itampita. Na usimruhusu mtu kuchaji usiku kucha kwa waya mrefu uliopitishwa dirishani kutoka soketi ya chumbani. Soketi kuukuu ikibeba ampia 10 kwa saa nane mfululizo hupata joto. Plastiki yake huanza kugeuka rangi ya chai, kisha kupinda, na hapo hatari ya moto imeshaanza.

Nimeiacha boda iwe ya mwisho kwa sababu hapo ndipo penye mengi.

Boda ya mjini ikitembea kilomita 130 kwa siku, kupeleka abiria stesheni, hospitali, Sagalla na kurudi, inakula lita tatu na robo ikiwa lita moja inampeleka kilomita 40. Hiyo ni Sh 600 kwa siku kwa bei ya Sh 185. Pikipiki ya umeme kwa kazi hiyo hula kama yuniti 5. Betri yake ni kama yuniti 3, kwa hiyo kabla siku haijaisha lazima ibadilishwe au ichajiwe tena. Huwezi kumwambia mwenye boda akae saa tatu chini ya mwarobaini saa saba mchana. Kila saa anayokaa ni abiria waliokwenda na mwingine. Anataka kufika, kuvuta betri iliyoisha, kuingiza iliyojaa na kuondoka kwa dakika mbili. Mtindo huo si ndoto. Kampuni ya Ampersand iliuanza Kigali mwaka 2019, na sasa Nairobi ina vituo vingi vya namna hiyo.

Chukua boda 40, idadi ambayo steji chache za Voi zinaweza kuitoa. Zitakula yuniti 200 kwa siku, yaani 6,000 kwa mwezi. Hizo ni sawa na magari karibu saba kwa siku kwenye ile chaja ya barabarani, tofauti ikiwa hawa wapo mjini kila siku na unawajua kwa majina. Kabati la chaja 20 za kilowati moja moja, mita, waya wa fezi tatu na kibanda, tuseme Sh 900,000. Betri 20 za akiba kwa Sh 80,000 kila moja, Sh milioni 1.6. Kabati nalilipa kwa miaka minane, betri kwa minne kwa sababu betri za boda hufanya kazi ngumu. Malipo ya mwezi yanafika karibu Sh 63,000, na mhudumu na kodi Sh 45,000. Jumla Sh 108,000.

Gawanya kwa yuniti 6,000, ni Sh 18. Stima, kwa kuchanganya ya usiku na ya mchana, Sh 22. Jumla Sh 40 kwa yuniti. Mwenye boda anahitaji Sh 200 kwa siku badala ya Sh 600. Akifanya kazi kila siku, anabaki na Sh 12,000 zaidi kwa mwezi, na kutoka humo anaweza kulipa mkopo wa pikipiki yenyewe. Pesa hizo hazitoki nje ya mji. Zinaishia kwa mama mboga, kwa karo, kwa fundi.

Jaribu kuiharibu hesabu hiyo. Tuseme waliojitokeza ni boda 10 tu, na kituo kimenunua vifaa vyote vilevile. Gharama inapanda hadi Sh 94 kwa yuniti, na siku ya boda inakuwa Sh 470. Bado ni chini ya Sh 600. Chaja ya barabarani ikikosa robo tatu ya wateja wake inakufa. Kabati la betri likikosa robo tatu linaumia, ila linaishi. Kwa mji usiojua ni wangapi watakaokuja, tofauti hiyo ina uzito kuliko nyingine zote nilizotaja.

Kilichobaki kigumu kwa boda ni umiliki wa betri. Kampuni nyingi hukodisha betri zao na kila moja ina umbo lake, kwa hiyo mwenye boda wa kampuni hii hawezi kubadilisha kwa ile. Nairobi hilo linavumilika. Voi, ambako kibanda kitakuwa kimoja, kampuni ikiondoka au ikifilisika pikipiki 40 zinalala siku hiyohiyo. Chama cha boda kisitie sahihi mkataba wowote kabla hakijajua betri ni ya nani siku kampuni itakapofunga.

Joto nalo lina sauti yake. Voi ni nchi ya jua kali na vumbi jekundu. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, hivyo baada ya kukimbia barabara ya moto na kuchajiwa haraka, mara ya pili gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji ili kujilinda, na chaji ya nusu saa hugeuka saa nzima. Betri za boda zichajiwe ndani ya kibanda chenye hewa, na vichungi vya feni vifutwe vumbi kila wiki. Jua hilohilo lina faida: paa la sola la kilowati 20, likitoa yuniti 80 kwa siku na kugharimu Sh milioni 2, kwa mkopo uleule linafanya yuniti moja iwe Sh 15. Hiyo ni bei ya usiku inayopatikana saa sita mchana, na inatosha karibu asilimia 40 ya boda zetu 40. Liongezwe mwaka wa pili, wateja wakishajulikana.

Kuna kikomo kimoja cha kukiangalia mbele. Boda 40 na magari manane kwa siku, zikipitia mita moja, zinavuta pamoja na hasara karibu yuniti 14,500 kwa mwezi, na bei maalumu inakoma kwenye 15,000. Siku mji utakapofanikiwa, mita moja itakuwa ndogo. Kabati na chaja ya barabarani viwe na mita mbili tangu mwanzo, viwanja viwili ikibidi.

Serikali ya kaunti haihitaji kununua chaja ya haraka leo. Inapokarabati maegesho au stendi, izike bomba tupu la kupitishia kebo na kutenga nafasi ya transfoma. Mtaro ukiwa wazi, bomba ni gharama ndogo, na mtaro ukishafunikwa kwa lami, kuuchimba upya ni gharama ya kweli. EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji na kubadilisha betri mwaka 2023, kwa hiyo kanuni za kufuata zipo.

Na wewe mwenye lodge au nyumba ya wageni Voi, usingoje mashine ya barabarani. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA wiki hii, mwulize maswali matatu: laini yangu ni ya fezi ngapi, bodi yangu ina nafasi ya ampia 64 usiku, na ombi la mita ya pili kwa bei ya usafiri wa umeme linaandikwaje. Majibu yakiwa mazuri, Sh 300,000 zinatosha kuanza.